Nani hasa anatulazimisha kuvuta pumzi? Wajuzi wa ubongo njooni

#1 Kobe Mpole (mleta mada)
Wakuu, salamu. Jana usiku usingizi ulinipaa, nikaanza mchezo wa kitoto: kubana pumzi huku naangalia saa ya simu. Sekunde 30, raha mustarehe. Sekunde 45 koo likaanza kumeza mate lenyewe. Ilipofika 58 tumbo likaruka kama la mtu mwenye kwikwi, likaruka tena, na la tatu mdomo ukafunguka bila idhini yangu. Mimi mwenye mwili nilikuwa bado nakataa. Nani kaufungua?

Shuleni niliambiwa oksijeni ikipungua mwili unadai. Sasa nilikuwa nimevaa kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mwanzo kilisoma 98, mdomo ulipofunguka kilisoma 97. Oksijeni ilikuwepo tele. Mwili ulikuwa unadai nini?

#2 Mtazamaji77
Naweka kambi hapa.

#3 Jicho la Tatu
Ni oksijeni tu mkuu. Kifaa chako kibovu. Uzi ufungwe.

#4 Chaki Nyeupe
Usifungwe. Jicho la Tatu, hapo umeteleza. Kinachodai ni hewa ukaa, ile kaboni dioksidi unayoitoa. Ukibana pumzi haina pa kutokea, inajikusanya kwenye damu, na ubongo hauvumilii hata ikizidi kidogo.

Wanasayansi Haldane na Priestley walilipima hili mwaka 1905. Waliona kwamba hewa ukaa iliyomo ndani ya vifuko vya mapafu haibadilikibadiliki. Mwili unailinda isitoke kwenye mstari. Ikiongezeka kwa asilimia 0.2 tu, mtu aliyetulia anapumua maradufu. Oksijeni inaweza kushuka sana kabla mtu hajahisi lolote.

#5 Nesi wa Zamu
Chaki yuko sahihi, ila mleta mada asikiamini sana kifaa cha kidoleni. Damu inayopimwa kidoleni ilitoka kwenye mapafu kitambo. Namba unayoiona ni habari ya nyuma kidogo, wakati mwingine sekunde 20 au 30. Rudia, na ukishaanza kupumua uendelee kuitazama.

#6 Jicho la Tatu
Nilisema kifaa kibovu mkaniona mjinga.

#7 Nesi wa Zamu
Sikusema kibovu. Nimesema kinachelewa 😂

#8 Mkwezi
Mimi napanda milima mirefu. Juu kule hewa ni nyepesi, unatweta ukiwa umekaa tu kwenye hema. Hewa ukaa haijaongezeka hata kidogo, kwanza inapungua kwa sababu unaihema nje. Kama oksijeni haihusiki, nani ananitwetesha?

#9 Chaki Nyeupe
Swali zuri. Oksijeni ina mlinzi wake, ila hayupo ndani ya ubongo. Yuko shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika. Ni kinundu kidogo kama punje, kinaonja damu inayopanda kichwani. Mtafiti Heymans alipata Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kazi hiyo. Lakini mlinzi huyo ni mvivu: hapigi kelele za maana mpaka shinikizo la oksijeni kwenye damu lishuke chini ya milimita 60 hivi za zebaki, wakati kawaida ni karibu 100. Mlimani unafika huko. Kitandani kwa Kobe hufiki.

#10 Msahihishaji
Marekebisho madogo: tuzo ni ya 1938 ila ilitolewa 1939. Na huyo wa shingoni hapimi oksijeni peke yake, anaonja pia hewa ukaa na asidi, tena anajibu haraka kuliko ubongo. Ukivuta hewa yenye hewa ukaa nyingi, pumzi za kwanza kuongezeka ni zake. Ubongo unafuata baadaye kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo usimwite mvivu.

#11 Kichwa Ngumu
Mmezunguka sana. Swali lilikuwa NANI. Ubongo ni mkubwa. Ni chembe zipi, na zinaijuaje hewa isiyo na rangi wala harufu?

#12 Chaki Nyeupe
Maelezo ya vitabuni ni haya. Hewa ukaa ikikutana na maji inageuka asidi, na asidi hiyo inaachia ioni za haidrojeni. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho ioni hizo hazipiti kirahisi, lakini hewa ukaa inapenya kama hakuna ukuta. Ikishaingia kwenye maji yanayouzunguka ubongo inageuka asidi hukohuko ndani. Maji hayo yana protini chache mno za kuituliza asidi, kwa hiyo badiliko dogo linaonekana haraka. Chembe za kuipima ziko sehemu ya chini ya shina la ubongo, kwenye medula, karibu na uso wake wa mbele.

Yaani ubongo hauonji hewa ukaa yenyewe, unaonja uchachu wake.

#13 Pipeti
Hapo mwisho ndipo ugomvi ulipo, Chaki. Nifafanue kidogo, hii ndiyo kazi yangu.

Kuna kikundi cha neva kwenye uso wa medula ambacho watafiti wengi wanakitaja kwanza. Ni kidogo ajabu: kwa panya wa maabara mkubwa ni kama neva 2,000 tu. Zinabeba alama ya jeni PHOX2B. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba zina vipima asidi viwili, GPR4 na TASK-2. Panya waliozaliwa bila vyote viwili mwitikio wao kwa hewa ukaa ulipungua sana. Neva hizi zinapeleka amri kwa kikundi kingine kinachopiga mdundo wenyewe wa pumzi, kile cha pre-Bötzinger, kilichoelezwa mwaka 1991. Jina hilo limetokana na mvinyo wa Kijerumani uliokuwa mezani watafiti walipokutana, msidhani ni jina la profesa.

Kwa hiyo mpimaji na mpiga ngoma ni wawili tofauti.

#14 Mtazamaji77
Jina la sehemu inayotuweka hai limetoka kwenye chupa. Sayansi raha sana.

#15 Fundi Saa
Pipeti, mbona umeziruka neva za serotonini, zile zinazotumia kemikali hiyo kupelekeana ujumbe? Ziko katikati ya medula, zimelala kando ya mishipa mikubwa ya damu, mahali panapofaa kabisa kwa mtu anayetaka kuionja damu. Mwaka 2011 walizizima kwa muda kwenye panya walio macho, mwitikio kwa hewa ukaa ukashuka karibu nusu. Nusu si jambo la kupita kimya.

#16 Pipeti
Sikuzisahau. Ukizima kikuza sauti muziki unapungua, lakini hiyo haina maana kwamba kikuza sauti ndicho kinachoimba. Huenda serotonini inazipa nguvu neva nyingine tu.

#17 Fundi Saa
Na hoja hiyohiyo nikiigeuzia neva zako 2,000?

#18 Pipeti
😅 Unaweza. Ila zangu zina kipima kinachojulikana.

#19 Mwananchi wa Kawaida
Mimi nilisoma kwamba si neva kabisa, ni zile chembe za kuzilea neva, zenye umbo la nyota. Mwaka 2010 ilionekana zikihisi asidi zinamwaga ATP, ile kemikali ya nishati ya chembe, na ATP hiyo inazichochea neva za jirani. Walipoziamsha kwa mwanga, panya wakaongeza kupumua. Au nilielewa vibaya?

#20 Pipeti
Umeelewa vizuri kuliko wengi. Astrosaiti zinaitwa. Na kuna kundi lingine linalosema hata habari ya uchachu si yote. Kuna protini, koneksini 26, ambayo hewa ukaa inaishika moja kwa moja mahali pamoja maalumu na kuifungua kama mlango, ATP inatoka. Walishikilia asidi palepale, wakapandisha hewa ukaa peke yake, milango ikafunguka vilevile. Kwa hiyo ile sentensi ya Chaki kwamba ubongo hauonji hewa ukaa yenyewe ingeongezewa neno "pengine".

#21 Chaki Nyeupe
Nimeongeza. Pengine.

#22 Kichwa Ngumu
Mpaka sasa: neva za PHOX2B, neva za serotonini, chembe za nyota, mlango wa koneksini na kinundu cha shingoni. Watano wanadai cheo kimoja. Nilikuja na swali moja naondoka na matano.

#23 Mama Wawili
Samahani naingia pembeni, lakini hilo jina PHOX2B limenigusa. Mtoto wa dada yangu ana kasoro kwenye jeni hiyo. Akiwa macho utadhani hana lolote, anacheza na kugombana na wenzake. Akisinzia pumzi zinakuwa fupi, zinachelewa, halafu unaona midomo inabadilika kutoka waridi kuwa ya kijivu. Mtoto mwingine angeshtuka akaamka. Huyu hashtuki, uso umetulia kabisa, wala hapigani. Kila usiku analala na mashine ya kumpumulia, na mtu mzima mmoja lazima asikie kengele yake.

Dada anasema utulivu ndio unaomtisha kuliko kitu chochote. Tuliambiwa pia asiachwe kwenye maji peke yake, kwa sababu hajui ile hali ya kukosa pumzi ambayo Kobe ameieleza.

#24 Nesi wa Zamu
Pole kwa familia dada, na hongera kwa kukesha. Jeni hiyo ilitambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa huo mwaka 2003. Kawaida protini yake ina mlolongo wa alanini (tofali moja la kujengea protini) 20 mfululizo, na wagonjwa wengi wana 24 hadi 33. Herufi chache za ziada zinafanya yote hayo.

#25 Kobe Mpole (mleta mada)
Mama Wawili, bandiko lako limeninyamazisha. Kumbe ile kero ya sekunde ya 58 ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa.

#26 Fundi Saa
Mama Wawili, kama hutojali: akikimbia anahema?

#27 Mama Wawili
Anahema, kama wenzake tu. Daktari naye alishangaa kidogo.

#28 Fundi Saa
Nilikuwa nalitafuta hilo. Wengi tunadhani mtu akikimbia anahema kwa sababu misuli inazalisha hewa ukaa, inaongezeka kwenye damu, ubongo unaonja. Ukipima damu ya ateri ya mkimbiaji hewa ukaa haiongezeki. Kwenye mbio kali inashuka kabisa! Na pumzi zinaanza kuongezeka hatua za kwanza tu, kabla damu ya miguuni haijafika popote. Huenda miguu yenyewe inapeleka taarifa, au ubongo unaoamuru misuli unaamuru na mapafu kwa pamoja. Wanabishana kwa zaidi ya miaka 100. Na mtoto asiyehisi hewa ukaa anahema akikimbia.

#29 Jicho la Tatu
Yaani anayedai ni hewa ukaa lakini kwenye kazi yenyewe ya kupumua sana hayupo. Mnanichekesha.

#30 Mbio za Usiku
Mimi navyojua ukikimbia miayo inakuja kwa sababu ya hewa ukaa. Hiyo imekaaje?

#31 Msahihishaji
Haikai. Mwaka 1987 watu walipewa hewa yenye hewa ukaa asilimia 3 na 5, wengine oksijeni tupu. Pumzi zilibadilika, miayo haikubadilika. Jambo lingine linalorudiwa kila mahali bila kupimwa.

#32 Mtazamaji77
Nimepiga miayo minne nikisoma bandiko #30 na #31.

#33 Kasa
Onyo kwa Kobe na wengine mtakaojaribu. Miaka hiyo nilikuwa najisifu kuogelea chini ya maji upana wote wa bwawa. Rafiki akanifundisha "mbinu": kabla ya kuzama hema kwa nguvu mara 20, utajaza oksijeni. Nikahema mpaka vidole vikafa ganzi na midomo ikawasha. Nikazama. Aisee, starehe! Tumbo halikuruka, koo halikudai, nikajiona samaki. Kumbukumbu ya mwisho ni vigae vya bluu na mstari mweusi. Iliyofuata ni sakafu ya saruji chini ya mgongo na mtu ananipiga mashavu.

Baadaye ndipo nikaelewa: oksijeni sikuongeza karibu kitu, maana damu ilikuwa imeshajaa. Nilichofanya ni kuifukuza hewa ukaa, yaani niling'oa kengele ya moto nyumba ikiwa bado inaweza kuungua. Oksijeni ikaisha kimya kimya. Msifanye hivyo, hata kwenye maji ya kiunoni.

#34 Nesi wa Zamu
Asante Kasa. Nami nina kengele iliyozimwa kwa dawa. Mgonjwa baada ya upasuaji, kapewa dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini. Nahesabu kifua: pumzi 6 kwa dakika. Namwambia "Baba, vuta pumzi." Anafumbua macho, anavuta nzuri ndefu, ananitabasamia. Nasubiri ya pili. Haiji. "Baba, vuta." Anavuta. Alikuwa anaweza, alikuwa anasikia, lakini hakukuwa na kitu ndani kinachomkumbusha. Nikafanya kazi hiyo kwa sauti yangu mpaka dawa ya kuizima ikaingia.

Mpiga ngoma wa Pipeti naye analewa kwa dawa hizo.

#35 Pipeti
Kweli, kikundi kile kina vipokezi vya afyuni, yaani mahali dawa hizo zinaposhikia.

#36 Kichwa Ngumu
Nesi, basi hili nalo: kwa nini wagonjwa wa mapafu sugu wananyimwa oksijeni nyingi? Niliambiwa ubongo wao umezoea hewa ukaa, wanapumua kwa kuitegemea oksijeni kushuka, ukiwapa nyingi wanaacha kupumua.

#37 Nesi wa Zamu
Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo ninavyofanya: tunalenga oksijeni ya damu asilimia 88 hadi 92.

#38 Msahihishaji
Kiwango ni sahihi, sababu ndiyo ina walakini. Walipowapima wagonjwa hao baada ya oksijeni, pumzi zilipungua kidogo tu, hazikutosha kueleza hewa ukaa iliyopanda. Oksijeni nyingi inafungua mishipa ya damu kwenye sehemu za mapafu ambazo hazipati hewa vizuri, damu inapita huko bure. Pia himoglobini ikishika oksijeni inaiachia hewa ukaa. Ubongo unasingiziwa.

#39 Nesi wa Zamu
Nimekuona. Ila niliwahi kumwona mmoja akisinzia mbele yangu ndani ya nusu saa, na pumzi zilikuwa chache kweli. "Kidogo tu" ya kwenye karatasi si ya kitandani.

#40 Msahihishaji
Alisinzia kwa sababu hewa ukaa ikizidi sana inalewesha. Ukiona imepanda usingizi umeshaingia, sasa kipi kilitangulia?

#41 Nesi wa Zamu
Tutabishana mpaka asubuhi.

#42 Ukurasa wa Zamani
Kulewesha huko kuliwahi kuonekana kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika wingu la hewa ukaa usiku, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kiasi kidogo kinakuamsha, kiasi kikubwa kinakulaza.

Na kabla ya hapo, Copenhagen, 1952, mlipuko wa polio. Wagonjwa walikuwa na bikaboneti nyingi kwenye damu, madaktari wakadhani damu imepungua asidi kwa sababu isiyojulikana. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akasema ni hewa ukaa imekwama, hawapumui vya kutosha. Wakawatoboa koo na kuwapulizia kwa mpira wa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuubonyeza, usiku na mchana.

#43 Mbio za Usiku
Mkono wa mwanafunzi ukawa medula ya mgonjwa. Dah.

#44 Fundi Saa
Nirudi kwa Kobe, maana ametelekezwa kwenye uzi wake. Kuna jaribio la mtafiti Fowler la 1954 linaloharibu maelezo yetu yote. Watu walibana pumzi mpaka mwisho kabisa, kisha akawaruhusu wavute mara chache hewa mbaya, yenye oksijeni asilimia 8 na hewa ukaa 7.5. Damu haikupata nafuu yoyote. Lakini wenyewe walijisikia wameokoka, na wakaweza kubana tena! Kama ni hewa ukaa tupu, ilitakiwa mdomo usifungike tena. Inaelekea kifua kutembea kunatosha kumtuliza huyo anayedai, angalau kwa muda.

#45 Mwananchi wa Kawaida
Na hofu je? Mimi ninachohisi pale mwisho ni woga mtupu. Nilisoma habari za mwanamke ambaye sehemu ya woga ya ubongo, amigdala, imeharibika pande zote mbili, nyoka hawamtishi. Walipompa pumzi moja yenye hewa ukaa asilimia 35 alipatwa na hofu kuu. Wenzake wawili wenye tatizo kama lake vilevile. Ilichapishwa 2013.

#46 Pipeti
Na panya wanasema kinyume: amigdala yao yenyewe inahisi asidi na kuleta woga. Haya, ongeza wa sita kwenye orodha, Kichwa Ngumu.

#47 Kichwa Ngumu
Nimekataa kuongeza.

#48 Kobe Mpole (mleta mada)
Wakuu, nimerudia, kitandani, bila kuhema kwanza (Kasa nimekusikia). Sekunde 57 tumbo likaruka. Nikakaza midomo nikavuta kifua kama napumua, hewa haiingii. Nafuu ikaja kweli! Nimefika 71.

Mdomo ulipofunguka kifaa kilisoma 97. Nesi, nikafanya ulivyosema, nikaendelea kukitazama huku nahema: 96. 95. Ilibaki 94 kama sekunde kumi, ndipo ikaanza kurudi.

#49 Jicho la Tatu
94! Nilisema nini bandiko #3?

#50 Chaki Nyeupe
Jicho, 94 bado ni nyingi mno kumwamsha mlinzi wa shingoni.

#51 Jicho la Tatu
Mlinzi ambaye wewe mwenyewe ulimwita mvivu.